Vita Visivyopendwa: Je, ni vya Rais au ni vya Bunge?



Katika semina moja ya Haki na Amani tuliyofanya na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mzee mmoja aliinua mkono wakati wa maswali. Tulikuwa tumezungumza juu ya katiba na kazi ya mbunge, na sisi tulidhani swali litakuwa juu ya basari ama barabara, kama kawaida. Lakini yeye aliuliza hivi: "Mimi nilikuwa kijana wakati wa vita vya Vietnam. Tulisikia kwa redio kwamba Wamarekani wenyewe wanaandamana, hawavitaki. Na bado vita viliendelea miaka na miaka. Sasa, kama wananchi hawataki, na wabunge wao wanasema hawataki, ni nani huyo alikuwa anapigana?"

Watu walicheka, lakini swali lenyewe si la kucheka. Siku ile tulimjibu kwa kifupi kwamba Rais ndiye mkuu wa majeshi, kwa hiyo ni yeye. Tuliporudi ofisini tukaanza kuona haya kidogo, maana jibu hilo ni nusu tu, na pengine ni ile nusu ndogo. Ndiyo sababu tumechukua kurasa za toleo hili kueleza jambo hili vizuri zaidi. Tutatumia mfano ule ule wa mzee, yaani Marekani, kwa kuwa kura kubwa za bunge lao huandikwa kwa majina, na mtu anaweza kufuata hatua kwa hatua nani alisema nini na nani alifanya nini.

FUNGUO MBILI

Wale waliotunga katiba ya Marekani mwaka 1787 walikuwa wametoka juzi tu kupigana na mfalme wa Uingereza. Walijua kwamba mfalme anaweza kuanzisha vita kwa sababu ya hasira yake au jina lake, halafu mkulima ndiye analipa kodi na kutoa mwana. Kwa hiyo waligawa kazi. Rais walimfanya Amiri Jeshi Mkuu, yeye huamuru majeshi. Lakini uwezo wa kutangaza vita waliupa bunge, ambalo wao huliita Kongresi, lenye nyumba mbili: Seneti na Baraza la Wawakilishi. Tena wakaongeza kifungu ambacho watu wengi hukisahau, kwamba pesa za jeshi la nchi kavu zisipitishwe kwa muda wa zaidi ya miaka miwili. Maana yake ni kwamba hata Rais akiwa na jeshi mkononi, ni lazima arudi kwa wabunge tena na tena kuomba chakula cha wanajeshi, risasi na mishahara.

Walio katika vikundi vyetu vya maji wanalielewa hili haraka. Mwenyekiti anaweza kumwambia fundi achimbe hapa ama achimbe pale. Lakini pesa hazitoki benki bila sahihi ya mweka hazina na ya mtu wa kamati. Tuliwahi kuona mradi mmoja ambapo kisima kilichimbwa mahali ambapo kila mtu alijua hapana maji. Kamati ilinung'unika kila mkutano, na ilinung'unika kwelikweli. Na kila mwezi ilitia sahihi. Pesa zilipokwisha, wote walimwelekezea mwenyekiti kidole. Mwenyekiti alikuwa na makosa, hilo hatukatai. Lakini kwenye zile hundi sahihi hazikuwa moja.

AGOSTI 1964

Vita vya Vietnam havikutangazwa na Kongresi hata siku moja. Lakini si kweli kwamba Kongresi haikuulizwa.

Tarehe 2 Agosti 1964 mashua za kivita za Vietnam ya Kaskazini ziliishambulia manowari ya Marekani katika Ghuba ya Tonkin. Tarehe 4 ikatangazwa kwamba kumetokea shambulio la pili. Leo inajulikana kwamba hilo la pili halikutokea. Lakini Rais Lyndon Johnson alikwenda kwa Kongresi na habari hizo mbili, akaomba azimio la kumruhusu kuchukua hatua zote zinazohitajika. Tarehe 7 Agosti azimio likapita. Baraza la Wawakilishi halikuzungumza hata saa moja. Kura zilikuwa 416 kwa 0. Katika Seneti zilikuwa 88 kwa 2.

Hao wawili waliokataa walikuwa Wayne Morse wa jimbo la Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. Walisema wazi kwamba Kongresi inampa Rais hundi ambayo haijaandikwa kiasi. Mwaka 1968 wote wawili walishindwa katika uchaguzi wakatoka Seneti. Tunalitaja hili kwa sababu wasomaji wetu huuliza kwa nini wabunge huogopa. Basi hiyo ni sababu moja.

Hapa Rais ana deni kubwa, na hatutaki kulifunika. Mwenye habari za siri ni yeye. Mbunge anapoambiwa na serikali kwamba manowari yetu imeshambuliwa mara mbili, atapata wapi mashua ya kwenda kuangalia? Aliyedanganywa hana kosa sawa na aliyedanganya. Lakini maneno haya yanamsaidia mbunge kwa mwaka 1964 tu. Hayamsaidii kwa mwaka 1966, wala 1968, wala 1970.

PESA ILIPITA KILA MWAKA

Mei 1965 Johnson aliomba Kongresi dola milioni 700 zaidi kwa ajili ya Vietnam. Kumbe hakuwa na shida kubwa ya hizo pesa. Alichotaka ni kura. Aliwaambia wazi kabisa kwamba hii si bajeti ya kawaida, na kwamba kila anayeikubali anakubali pia kuendelea na vita. Katika siku chache tu zikapita: 408 kwa 7 katika Baraza la Wawakilishi, na 88 kwa 3 katika Seneti. Hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba hakuelezwa maana ya kura yake.

Baada ya hapo idadi ya wanajeshi ilipanda mpaka ikapita 540,000 mwanzoni mwa 1969. Februari 1966 Seneta William Fulbright, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje, aliita mashahidi mbele ya televisheni kuuliza vita hivi ni vya nini. Huyu ndiye aliyelisukuma lile azimio la 1964 lipite katika Seneti, na alijuta sana. Wananchi walisikia, wakaanza kubadilika. Maandamano yakaongezeka. Johnson mwenyewe akaamua mwaka 1968 kutogombea tena. Akaingia Richard Nixon, ambaye aliahidi amani.

Na pesa? Pesa ilipita kila mwaka, na mara nyingi kwa kura nyingi mno. Mbunge aliyehutubia asubuhi akivilaani vita, jioni alipiga kura ya kuvilipia. Ukimwuliza, alikuwa na jibu tayari: "Vijana wetu wako uwanjani. Siwezi kuwanyima risasi na chakula."

Jibu hili tusilidharau. Mama ambaye mwanawe yuko msituni hataki kusikia kwamba wakubwa huko mjini wanagombana juu ya chakula chake. Na ni kweli kwamba katika ile pesa mlikuwa na dawa, na helikopta za kubeba majeruhi. Lakini angalia jibu hilo linafanya nini. Kama kuwapo kwa vijana uwanjani ni sababu ya kutoa pesa, na pesa ndiyo inayowaweka uwanjani, basi vita havitakwisha mpaka kijana wa mwisho arudi, na hatarudi kwa sababu pesa ipo. Huku ni kuzunguka mti. Tena Rais akilijua hilo, kazi yake inakuwa rahisi sana: apeleke vijana kwanza, aombe pesa baadaye.

Njia nyingine ilikuwako, nayo ilipelekwa Seneti. Mwaka 1970, baada ya Nixon kuingiza majeshi Kambodia na baada ya wanafunzi wanne kupigwa risasi na kufa katika chuo kikuu cha Kent State tarehe 4 Mei, maseneta George McGovern na Mark Hatfield, mmoja wa chama cha Democratic na mwingine wa Republican, walileta pendekezo la kuweka mwisho wa vita. Pesa za kuwalinda wanajeshi na kuwarudisha nyumbani salama zingetolewa. Pesa za kuendelea kupigana baada ya mwisho wa 1971 zisitolewe. Kwa hiyo ule woga wa kumwacha kijana bila risasi ulikuwa umejibiwa ndani ya pendekezo lenyewe.

Tarehe 1 Septemba 1970, kabla ya kura, McGovern alisimama akawaambia maseneta wenzake kwamba kila mmoja wao ana sehemu ya lawama kwa maelfu ya vijana walio makaburini, na kwamba ukumbi ule unanuka damu. Aliwaambia tena kwamba si ushujaa kwa mtu wa bunge kujifunika bendera na kusema tutabaki Vietnam, maana damu inayomwagika si yake. Inasemekana ukumbi ulinyamaza kabisa. Halafu wakapiga kura. Pendekezo lilishindwa, 55 kwa 39.

Tangu Nixon aingie madarakani Januari 1969, wanajeshi wa Marekani zaidi ya 20,000 walikufa mpaka mwisho wa vita. Kwa ujumla walikufa zaidi ya 58,000. Kwa upande wa Wavietnam, serikali yao ilitangaza mwaka 1995 kwamba raia karibu milioni mbili walikufa, pamoja na wapiganaji milioni moja na laki moja wa upande wa Kaskazini. Ukizisoma hizo hesabu pamoja na ile kura ya 55 kwa 39, utaona kwa nini tumesema jibu letu kwa mzee lilikuwa nusu.

WALIFUTA RUHUSA, WAKAACHA PESA

Sasa linakuja jambo la ajabu. Januari 1971 Kongresi ilifuta lile azimio la Tonkin. Karatasi ya ruhusa ikachanwa. Mtu angedhani kwamba hapo vita vimekwisha. Lakini wapi! Nixon alisema haihitaji. Yeye kama Amiri Jeshi Mkuu ana haki ya kuwalinda wanajeshi walioko huko mpaka watoke. Na kwa kuwa pesa ziliendelea kupita, vita viliendelea miaka mingine miwili.

Kuna wanajeshi waliokwenda mahakamani kupinga kupelekwa Vietnam, wakisema vita havina idhini ya bunge. Mwaka 1971 mahakama ya rufani ya New York iliwajibu kwamba idhini ipo: Kongresi imetoa pesa mwaka baada ya mwaka, na imeongeza muda wa sheria ya kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima. Kutoa pesa ni kukubali. Lakini mwaka 1973 mahakama ya rufani ya Washington, katika kesi iliyoletwa na wabunge 13, ilisema tofauti. Majaji walisema mbunge anaweza kutoa pesa kwa sababu tu hataki kuwatupa wale walio vitani, na kura kama hiyo si ushahidi kwamba anavikubali vita. Hata hivyo hawakumwamuru Rais aache.

Sisi si wanasheria. Lakini tukiulizwa, tunaona mahakama ya kwanza ilisema kweli juu ya matendo, na ya pili ikasema kweli juu ya mioyo. Na aliyekuwa anapigwa bomu kule Kambodia hakupigwa na moyo wa mtu.

Kanisa nalo lilikuwa na neno lake. Papa Paulo wa Sita alikuwa amekwenda Umoja wa Mataifa tarehe 4 Oktoba 1965 kuomba kwamba vita visiwepo tena kamwe. Maaskofu Wakatoliki wa Marekani walichelewa kidogo, tuseme ukweli. Lakini Novemba 1971 walitoa tamko kwamba mema yoyote yanayotarajiwa katika vita hivi sasa yamezidiwa na uharibifu wa uhai wa watu na wa maadili, na kwa hiyo vikomeshwe bila kuchelewa. Hicho ni kipimo cha zamani cha mafundisho yetu juu ya vita vya haki: huwezi kuchoma nyumba ili kuua panya. Maaskofu hawakusema kwamba kipimo hiki ni cha Rais peke yake.

VILIVYOSIMAMA KWELI

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Paris tarehe 27 Januari 1973, na wanajeshi wa Marekani wakatoka Vietnam kufikia mwisho wa Machi. Lakini ndege ziliendelea kupiga Kambodia. Hapo ndipo Kongresi ilipotumia ufunguo wake.

Tunaomba msomaji asome sehemu hii polepole, kwa sababu ndiyo kiini cha jambo lote. Kama wabunge wa Marekani wakipitisha sheria ya kusimamisha vita, Rais anaweza kuikataa. Akiikataa, inahitaji thuluthi mbili za kila nyumba kumshinda, na hizo ni ngumu kupata. Mwezi wa Juni 1973 ndivyo ilivyokuwa. Kongresi ilikata pesa za mabomu, Nixon akakataa kutia sahihi tarehe 27, na Baraza la Wawakilishi likapata kura 241 dhidi ya 173, ambazo hazikutosha. Mpaka hapo mbunge angeweza kurudi nyumbani na kusema, "Tulijaribu, Rais akatushinda."

Lakini kutopitisha pesa hakuhitaji thuluthi mbili. Hakuhitaji sahihi ya Rais. Mkono wa Rais hauwezi kuandika hundi ambayo bunge halikuitoa. Na mwaka wa pesa wa serikali yao wakati huo ulikwisha tarehe 30 Juni. Wabunge waliweka kipengele cha kukataza mabomu ndani ya miswada ambayo serikali yote iliihitaji ili iendelee na kazi. Nixon aliona kwamba akikataa tena, hata ofisi za kawaida zitakosa pesa. Akakubali mapatano: mabomu yasimame tarehe 15 Agosti 1973. Tarehe hiyo ndege zikasimama.

Kilichobadilika ni nini? Katiba ilikuwa ile ile ya 1787. Kifungu cha pesa kilikuwa kile kile ambacho kilikuwapo 1965, 1968 na 1970. Nixon alikuwa amedhoofika kwa kashfa ya Watergate, ni kweli, na wanajeshi wa nchi kavu walikuwa wamekwisha rudi nyumbani, kwa hiyo hapakuwa tena na kijana wa kujificha nyuma yake. Tunasema bila kuficha: ufunguo uliofunga mlango Agosti 1973 ulikuwa mfukoni mwa Kongresi miaka yote.

Novemba mwaka huo huo walipitisha sheria ya mamlaka ya vita, na mara hii thuluthi mbili zilipatikana dhidi ya kukataa kwa Rais, 284 kwa 135 na 75 kwa 18. Sheria hiyo inasema Rais akiingiza majeshi vitani aliarifu bunge ndani ya saa 48, na majeshi yatoke baada ya siku 60 kama bunge halikutoa idhini, pamoja na siku 30 za kuondoka salama. Marais waliofuata wameitafuna pembeni kila mmoja kwa namna yake.

PADRE NDANI YA BUNGE

Wasomaji wengi hawajui kwamba wakati huo palikuwa na padre katika Kongresi. Padre Robert Drinan, Mjesuiti, alichaguliwa mwaka 1970 katika jimbo la Massachusetts kwa sababu ya kupinga vita vya Vietnam. Alikaa bungeni mpaka mwanzo wa 1981, alipotii agizo la Papa Yohane Paulo wa Pili kwamba mapadre wasishike viti vya siasa.

Mwaka 1973 ilifichuka kwamba Nixon alikuwa amepiga mabomu Kambodia kwa siri tangu Machi 1969, huku taarifa za jeshi zikiandikwa kwa uongo. Tarehe 31 Julai 1973 Drinan alileta hoja ya kumshtaki Rais ili aondolewe. Sababu yake kubwa haikuwa Watergate, ilikuwa mabomu. Mwaka mmoja baadaye kamati ya sheria ilipopanga mashtaka, ilikubali yale ya Watergate, na shtaka la Kambodia ikalikataa, 26 kwa 12. Moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba viongozi fulani wa Kongresi walikuwa wameambiwa habari za mabomu hayo mapema wakanyamaza, na kwamba Kongresi yenyewe ilikuwa imelipa. Mwamuzi aliona sahihi yake kwenye hundi.

IRAKI, MARA YA PILI

Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani. Basi tutazame Iraki kwa haraka.

Oktoba 2002 Kongresi ilimruhusu Rais George W. Bush kutumia nguvu, 296 kwa 133 na 77 kwa 23. Machi 2003 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtuma Kardinali Pio Laghi kwa Bush kumsihi asiende vitani. Bush alikwenda, na silaha za maangamizi alizotajwa kuwa nazo Saddam hazikuonekana. Kufikia Novemba 2006 wananchi walikuwa wamechoka, na walikipa chama cha Democratic nyumba zote mbili ili vita vikomeshwe. Bush aliwajibu Januari 2007 kwa kuongeza wanajeshi zaidi ya 20,000.

Februari, Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio la kupinga nyongeza hiyo, 246 kwa 182. Lilikuwa azimio la maneno tu, lisilo na nguvu ya sheria. Kisha Kongresi ikapitisha pesa zenye tarehe za kuondoka. Bush akakataa tarehe 1 Mei 2007. Kesho yake walishindwa kupata thuluthi mbili. Hapo walikuwa pale pale waliposimama wenzao mwishoni mwa Juni 1973, na sasa ilikuwa ni kuchagua: kutuma tena mswada ule ule wenye tarehe, au kutoa pesa bila masharti. Tarehe 24 Mei walitoa pesa bila tarehe, 280 kwa 142, na 80 kwa 14 katika Seneti. Sababu ilikuwa ile ile ya vijana walioko uwanjani. Mmoja wa wale 14 waliokataa alikuwa Seneta Barack Obama, ambaye sisi Wakenya tunamjua kama mtoto wa kwetu. Yeye pia alikuwa amekubali pesa za vita katika miaka ya 2005 na 2006. Majeshi yalitoka Iraki Desemba 2011, na wakati huo Obama ndiye alikuwa Rais.

Tukipima sasa, tungesema hivi. Kuanzisha kwa habari za uongo ni dhambi ya Rais, na ni kubwa. Kuendeleza baada ya uongo kujulikana ni ya wote wawili, na kila bajeti inayopita, uzito unahama kidogo kutoka kwa anayeomba kwenda kwa anayetoa.

NA KWETU?

Katiba yetu ya 2010 nayo ina funguo mbili. Kifungu cha 132 kinasema Rais anaweza kutangaza vita kwa idhini ya Bunge. Kifungu cha 95 kinalipa Bunge la Taifa kazi ya kuidhinisha tangazo la vita. Kifungu cha 240 kinasema Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kupeleka majeshi nje ya Kenya kwa idhini ya Bunge. Jeshi letu liliingia Somalia katikati ya Oktoba 2011, katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi. Kura ya wabunge ya kuidhinisha kujiunga na AMISOM ilikuja Desemba, yaani vijana walikuwa huko tayari. Walikaa chini ya AMISOM mpaka 2022, halafu chini ya ATMIS mpaka mwisho wa 2024, na kila mwaka bajeti ilisomwa.

Hatusemi kwamba Somalia ni Vietnam. Watu walikuwa wametekwa ndani ya nchi yetu, na kuna wasomaji wetu ambao wamefiwa kwa mikono ya Al-Shabaab. Tunasema tu kwamba kifungu kimeandikwa.

Tulirudi kwa yule mzee mwezi uliopita na majibu haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wabunge wetu pia huandikwa majina wanapopiga kura. Tulimweleza kwamba mara nyingi Spika huuliza wanaosema ndiyo na wanaosema la, husikiliza sauti, na majina huandikwa tu wabunge wakidai kura ya kuhesabiwa. Akafikiri kidogo. "Basi ile siku ya Somalia," akasema, "huyu wetu alisema nini?"

Tulikuwa watu kumi na wanane katika chumba kile, pamoja na sisi wa ofisi. Hakuna aliyejua.